Salmoni ya Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshona sare saba za shule, mikanda bado. Jicho la kulia limekwisha, naona maziwa tu. La kushoto linamfuata mwenzake. Naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza na bado mistari inapanda kilima.

Mchana ugali na salmoni ya pakiti, ladha ya limau na pilipili manga. Ni katoni ya pili hii. Mkwe wangu Masanja, mume wa binti yangu Minza, ni mpishi kwenye kambi ya mgodi huko Geita. Mkandarasi mmoja alifunga virago akawaachia wapishi makatoni ya samaki huyu. Masanja akakumbuka kwamba mama mkwe wake ana presha. Minza kaleta na maelezo: huyu samaki ana mafuta mazuri kwa moyo, ana protini, hahitaji hata kupikwa. Basi nimeacha dagaa, nimeacha nyama. Pakiti mchana, pakiti usiku. Tamu, sikatai.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Madaktari wa macho wanakuja mwisho wa mwezi kutoa mtoto wa jicho. Jina langu limo. Nesi akanifunga mkanda mkononi: 170 kwa 100. Presha ikiwa hivi siku ile, hawanigusi. Wakiondoka, hajui watarudi lini. Akaniambia nipunguze chumvi.

Nimeogopa. Miaka thelathini na moja nimekula kwa cherehani. Macho yakifa, sina kazi nyingine ninayoijua.

Jumatatu, 10 Machi

Chumvi nimeifukuza. Kopo zima nimempa jirani. Maharage bila chumvi, mchicha bila chumvi. Kama kula nyasi. Ni salmoni tu inayonifanya nimalize ugali. Leo pakiti tatu, moja asubuhi na michembe, viazi vitamu vya kukausha. Ule mchuzi wake wa ndani nausuuza kwa maji kidogo, nanywa. Dawa ya moyo haimwagwi.

Alhamisi, 13 Machi

182 kwa 104.

Nesi kanitazama kama mwizi wa kuku. Nimeapa sijaonja chumvi, vidonge nameza kila siku. "Mama, chumvi haiingii mwilini kwa upepo." Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya watu. Wa kumzaa mimi! Nimempandishia sauti, naye akapima tena. Ikawa juu zaidi.

Nimelia njiani. Nikafuta kwa kanga kabla sijafika mtaani kwetu Kambarage.

Ijumaa, 14 Machi

Nilifuata uzi wa bluu dukani kwa Bi Nasrin. Mume wake ana kisukari, kwa hiyo yeye husoma maandishi ya kila kopo kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Pakiti yangu ya mchana ilikuwa mkobani, ikaanguka nikitafuta hela. Akaiokota. Akavaa miwani.

Akanieleza taratibu. Protini ipo, nyingi. Mafuta mazuri yapo, kweli. Minza hakudanganya. Lakini sodiamu ndiyo chumvi yenyewe, na ya pakiti hii ni nyingi. Tena kiasi kilichoandikwa si cha pakiti nzima, ni cha mlo mmoja, na pakiti moja wameihesabu milo miwili. Nami nala tatu kwa siku. Ile ya usiku, ya ladha ya asali, niliyomtolea pia, ina na sukari, imeandikwa ya pili kwenye orodha, baada ya samaki. "Samaki hana kosa, Mama Minza. Kosa ni walichomtilia."

Dagaa naosha kwa maji ya moto mara tatu. Huyu wa Wazungu sikumwosha hata mara moja, na maji yake nikayanywa. Kisa anang'aa. Mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Minza kaja. Nikamwambia amweleze mumewe asilete tena. Kakataa. Anaogopa Masanja ataelewa kwamba nasema ananiua.

Na mimi siwezi kumwambia. Tulivyolelewa kijijini Didia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawasemezani ovyo, hawali pamoja. Na chakula cha mkwe hakitiwi kasoro. Miaka sita ya ndoa yao, sauti ya Masanja naijua kwa kikohozi cha getini, kile cha kunipa nafasi nijifiche.

Nimemwita Minza mwoga. Akaniuliza mwoga ni nani hapa.

Jumapili, 16 Machi

Kikohozi getini, baada ya ibada. Nikaingia chumbani, mlango nikaurudishia. Masanja kaja mapumziko ya wiki mbili. Na katoni ya tatu. Niliisikia ikitua mezani. Minza akashukuru tu.

Nikasema mwenyewe, nyuma ya mlango. "Baba, asante, wabeja sana. Lakini samaki hawa wana chumvi nyingi. Nikiendelea nao, jicho halitapasuliwa."

Kiti kikasogea. Geti likafungwa.

Aibu nimeiona mpaka masikioni. Zawadi ya mtu mwema nimeirushia usoni. Sijala.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamshwa na kisu uani. Minza kaninong'oneza dirishani: Masanja amekaa kwenye kigoda changu, anaparua sato mbichi. Limau, nyanya, kitunguu swaumu, tangawizi. Chumvi hakuna hata punje. Katoni imeondoka.

Mkwe anampikia mama mkwe! Majirani wamerefusha shingo ukutani. Nimejifunika kanga, nimebaki chumbani. Yeye anapika, Minza analeta sahani, sahani inarudi tupu. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Sikujua kwamba limau linaweza kufanya kazi ya chumvi.

Ijumaa, 21 Machi

Bado anakuja. Mapumziko yake yanaishia jikoni kwangu. Jana dagaa, kawaosha vizuri, kawaunga kwa karanga. Minza anasema mumewe kule kambini huanza kwa kusoma pakiti siku hizi. Mguu wangu, uliokuwa ukivimba kila jioni, haujavimba tangu Jumatano.

Jumanne, 25 Machi

138 kwa 86. Nesi kapima mikono yote miwili. Kaniomba radhi, kwa sauti ndogo. Ile ya kunisema ilikuwa kubwa. Nimesamehe nusu.

Alhamisi, 27 Machi

Wamenipasua la kulia. Dakika chache tu, na hofu ya wiki tatu. Limefungwa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwa la kushoto, kwa ukungu wake. Bandeji inatoka kesho.

Minza kaenda sokoni. Nilisikia kikohozi, nikasikia sahani inawekwa kwenye meza ya barazani, kisha hatua zikaenda. Masanja anarudi Geita leo na basi la mchana.

Ugali na sato. Nikala polepole, kila tonge nikilipapasa kwa vidole kutafuta miiba, maana siioni. Ubavuni hakuna. Tumboni hakuna. Nikapapasa mpaka mkiani.

Alikuwa ameitoa miiba yote, na kumpanga samaki upya kwenye sahani ili nisijue. Nimekula mpaka mwisho, kisha nimeosha sahani.