Bonge Ulilowarushia Tetere wa Shemeji Yako

Mdogo wangu Selemani, uliyeko Maili Moja,

Nina miaka sabini na kitu. Mjerumani kaondoka nikimtazama, Mwingereza naye kaondoka, njaa zimepita mlangoni kwangu zikaniacha, na hata kuhamishiwa kijiji cha ujamaa hakukuniua. Kwa hiyo usidhani utaniua wewe kwa bonge la udongo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima hapa Kurui niliwashinda wote, mwalimu alikiri.

Siku ya arobaini ya mke wangu Zaina sikukujibu, maana watu walikuwa wanakula. Tetere walishuka uani kama kawaida yao, wewe ukaokota bonge ukawarushia. "Kaka, hawa watatunyea kwenye pilau!" Watu wakacheka. Nikameza.

Sasa natapika.

Umesahau ungo? Zaina alikuwa hapepeti mpunga bila kuwaachia ndege chenga. Masika, kiangazi, hata mwaka ule tuliokula makopa matupu ya muhogo, alikwangua ukoko akawamwagia. Maji akawatilia kwenye kigae cha mtungi. Papai la juu kabisa, lile bivu, mimi marufuku kuangua: "La shore hilo, wewe kula lako." Nani mwingine Kisarawe nzima kagawiwa papai zamu moja na ndege, akanenepa? Mimi. Na uani kwetu walitua wengi kuliko kwa mtu yeyote, bisha.

Na wewe, mama alipokufa akatuachia kitoto, nani alikulisha? Ungo ule ule. Ulikuwa unakaa pale pale wanapodonoa, kamasi mpaka mdomoni, Zaina anakuambia, "Shemeji, sogea kidogo, wenzio nao wana njaa." Unasogea! Leo una duka Maili Moja ndiyo hujui kusogea?

Tangu siku ile uani kimya. Namwaga chenga, zinaliwa na kuku. Zaina nimemzika mara mbili, Selemani, na kaburi la pili umelichimba wewe.

Basi njoo. Zawadi usilete. Utakaa pale pale chini, ungo miguuni, kimya, mpaka watue. Wakitua, nitaitikia shikamoo yako. Wasipotua, endelea kukaa.

Anayesema nimezidisha amuulize Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuona ukiokota bonge. Na kamasi zako alizifuta yeye.

Ni mimi kaka yako, niliyekubeba mgongoni.