Nyumba Iliyovishwa Lubugo

Jumatatu, 3 Machi
Namuwongo tena, hapa Kampala. Nyumba ile ya zamani kando ya reli: matofali mekundu, kibaraza, mlango wa nakshi. Mwenye nyumba, Haji, anataka kujenga bohari hapo. Wapangaji wamegoma kuhama. Wao ndio wanaoizuia isibomolewe, si makala zangu za hasira.
Nimefunika ukuta wa mbele kwa lubugo, nguo ya gome la mti, nikaisugua kwa mkaa mpaka kila tofali likajitokeza. Historia na sanaa, kitu kimoja. Jopo la chuo, litakaloamua kama nipewe uprofesa, litakuja kuiona hapohapo Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka yote wanahistoria wananiita mchoraji, wachoraji wananiita mwanahistoria. Waoga wote.

Jumanne, 4 Machi
Nguo imelala ukutani. Nakato, mpangaji anayekaanga mihogo kibarazani, kasimama na mwiko mkononi.
"Plofesa, umevalisha nyumba lubugo. Nani amekufa?"
Nikacheka. Sanaa, nikamwambia.
"Sanaa ya kuvika maiti?"
Najua Waganda huzikwa ndani ya lubugo. Nimeandika sura nzima. Lakini babu zangu walitoka pwani. Sanda yetu ni bafta nyeupe. Kwangu lubugo ni karatasi tu.

Alhamisi, 6 Machi
Magodoro ya wapangaji barabarani. Wazee wao wamesema hakuna anayelala ndani ya nyumba iliyokwisha kuvikwa. Nimeishusha nguo mbio. Nimeapa kwamba ni sanaa tu.
"Bambi, pole Plofesa," Nakato kasema, akifunga sufuria zake. "Maiti havuliwi."
Mjinga mimi. Msomi mjinga.

Jumatatu, 10 Machi
Tingatinga. Nilisimama mlangoni nikahutubia: uchoyo, wasomi mabubu, mji unaokula mifupa yake. Haji alinisikiliza mpaka mwisho.
"Umemaliza, mwalimu? Mimi sikumfukuza mtu."
Kweli. Nilimfukuzia mimi.
Saa sita mlango ulikuwa kuni.

Ijumaa, 14 Machi
Jopo lilikuja na viatu safi, likasimama kwenye vifusi. Nilitandaza nguo. Mwenyekiti aliinama, akafurahi: sasa nyumba haipo, huu ni ushahidi wa pekee. Uprofesa umepita.
Sikubisha.
Nimeviringisha lubugo, nikavuka reli. Nakato anakaangia ng'ambo sasa, chini ya turubai. Nilimsalimu. Akaitikia, akageuza mihogo.
Hakuniita Plofesa.