Mama Imekuwaje, Boksi Lako Wamelitoa Mlangoni

Mwaka umetimia tangu utuache, Mama. Tulitaka kukuandikia kwa upole kama wanavyofanya wengine gazetini, tumeshindwa. Tuna hasira.

Miaka ishirini na sita ulikuwa mkunga katika wodi ya wazazi. Kila zamu ilipoisha, kabla mtu hajavua sare, uliwakusanya wote kando ya mizani ya watoto: wakunga, daktari, hata mama wa usafi. Dakika kumi tu. "Haya, leo kipi kimetuendea vizuri? Imekuwaje?" Wakakubandika jina, Mama Imekuwaje. Hata nyumbani, Baba akipika chai ikatoka vizuri, ilibidi aeleze amefanyaje.

Siku moja mama wa usafi alisema mzazi aliyevuja damu amepona kwa sababu kuna mtu alisahau boksi la dharura, lenye dawa za kuzuia damu, kwenye rafu ya mlangoni, likapatikana upesi. Mwingine angemgombeza aliyesahau. Wewe ukasema, "Basi likae hapohapo." Likakaa.

Mazishini walisema ulikuwa na mkono wa baraka. Baraka! Miaka yote ile ya kuuliza na kusikiliza, wao wanaiita bahati.

Miezi miwili iliyopita kitinda mimba wako alijifungua wodini mwako, akavuja damu. Mkunga alinyoosha mkono tu, boksi lilikuwa pale. Mwanao yu hai, Mama. Mtoto naye ana kelele kama zako.

Baba akamuuliza mkuu mpya wa wodi mbona hawakukaa kulizungumza.

"Tukae ya nini, mzee? Si hakuna aliyekufa?"

Wiki iliyofuata boksi likafungiwa kabatini kwa kufuli, eti pale mlangoni halipendezi. Mama wa usafi alijua kwa nini lilikuwa pale, ila hakuna aliyemuuliza. Alikuja kutuambia huku analia.

Tumekwenda mara mbili kwa wakubwa wa hospitali, tukaambiwa tuandike barua. Barua ndiyo hii: lirudisheni boksi mlangoni, na zile dakika kumi mzirudishe.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mkweo, dada yako, mama wa usafi aliyeomba ahesabiwe nasi, na mjukuu usiyemwona, ambaye bado ana mama wa kumnyonyesha.

Hatutakusahau kamwe. Na Jumatatu asubuhi tuko tena ofisini kwao.