Mdachi Aliyekuja Kutafuta Ukoo Wake Ibra

Ijumaa, mwezi wa kwanza, 2007

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta asubuhi na kuijutia adhuhuri. Sala imekwisha, wali umeliwa, nyumba nzima imelala. Mimi sina usingizi. Kila nikifumba macho namwona mzee wa Kijerumani ndani ya kikoi cha marehemu baba, nacheka peke yangu kama mwehu.

Wacha niandike, labda nitalala.

Kwenye pasi zetu kumeandikwa kabila, kama watu wote wa nchi hii. Lakini hapa Ibra hakuna anayetuita kwa kabila. Sisi ni watoto wa Koroga. Koroga ni lakabu ya babu, baba yake baba, aliyezaliwa Tabora zama za Mdachi, yaani Mjerumani, na akazikwa huko huko. Lakabu ikapanda ndege na wanawe, ikaja Oman bila yeye.

Mwenye maelezo ya jina hilo ni Ami Saleh, mdogo wake baba. Kwa miaka yote ninayomjua anasema si neno la Kiswahili hata kidogo. Anasema lilikuwa jina la Mdachi mmoja mkubwa pale Tabora, aliyempenda babu mpaka akampa jina lake, kama mtu anavyompa mwenzake saa ya mkono. Ukimwuliza mbona basi linafanana na kukoroga uji, anakutazama kwa huruma.

Mimi nasomesha Kiingereza skuli ya wasichana, na tangu tuvute intaneti nyumbani nimekuwa mtu wa kutafuta yasiyonihusu. Mwaka jana niliandika jina letu kwa kubahatisha, hivi na vile, nikaangukia ukurasa wa wazee wa Kijerumani wanaokusanya habari za majina ya koo zao. Na jina likawapo. Kröger! Ile o ina vitone viwili juu, lakini ni lile lile ukilisema upesi.

Nikawaandikia kwamba na sisi tupo, Ibra, Oman. Nusu ilikuwa mzaha.

Aliyenijibu hakuwa na mzaha hata chembe. Mzee Kröger, mjane, mstaafu, kazi yake sasa ni kuwatafuta akina Kröger popote walipo na kuwatia kidoti chekundu kwenye ramani. Akaniambia Bara Arabu kwenye ramani yake ni tupu kabisa. Akaniambia pia kwamba anakuja Oman kutembea, na njia ya kutoka Nizwa kwenda kwenye michanga ya jangwani inapita Ibra. Je, anaweza kuja kuwasalimia ndugu zake?

Mimi ni mtu wa Ibra. Ningesemaje, asije? Nikamwambia karibu, Jumamosi.

Akaja jana, Alkhamisi. Dereva wake aligeuza safari.

Na jana ndiyo siku tuliyokuwa na wageni kutoka Nizwa. Mzee Nasor na mwanawe Khalfan walikuja kumposa mdogo wangu Asya. Mzee Nasor ni mzaliwa wa Unguja mjini, na Kiswahili chake unaweza kudhani kimepigwa pasi. Kwake yeye, Mwomani aliyetokea bara, hata wawe kabila moja, ni mtu wa kuchunguzwa kwanza. Sisi ni wa Tabora. Mama hufunga kanga kwa kishindo akisikia neno hilo "bara" likitoka vinywani mwa watu wa Unguja.

Asya mwenyewe alikuwa hajasema ndiyo. Asubuhi alinivuta jikoni.

"Dada Zuhura, wewe utakuwa unaingia na kutoka na kahawa. Mwangalie vizuri. Nataka kujua kama ana akili au ana kanzu safi tu."

Basi nikawa naingia na kutoka na kahawa. Khalfan amekaa karibu na mlango, macho chini, kimya, kama inavyompasa mposaji. Kanzu safi, hilo sina shaka nalo. Akili ningeionea wapi?

Mzee Nasor alikula tende, akafuta vidole, akasema:

"Bwana Saleh, kabila lenu nalijua, halina neno. Lakini nimeambiwa nyumba hii inaitwa kwa jina la Mdachi. Mimi sitaki kumwoza mwanangu kwenye jambo nisilolielewa. Jina hili asili yake nini, na maana yake nini?"

Ami Saleh akakaa sawa. Alikuwa akilisubiri suali hilo maisha yake yote.

"Mzee Nasor," akaanza, "kulikuwa na Mdachi mmoja..."

Gari ikasimama nje. Akaingia Mdachi.

Wallahi sisemi uongo. Mrefu mpaka akainama mlangoni, mwekundu kwa jua, ramani kwapani, na kaptura. Kaptura, ndani ya majilisi ya wageni, siku ya posa! Magoti yake yalikuwa meupe, makubwa, yanamtazama kila mtu.

Mara nyuma ya pazia la mlango wa ndani nikasikia sauti ya Mama: "Zuhura! Chukua hiki." Mkono wake ukatokeza na kikoi cha baba. Mzee Kröger alifurahi kupita kiasi, akadhani ni zawadi ya ukoo. Akajifunga kifuani kama mwanamke anayetoka kuoga. Ami Saleh akamshushia kiunoni, akamketisha, akamwambia neno moja la Kijerumani alilonalo, ambalo ni la kumtakia mtu asubuhi njema. Ilikuwa saa kumi za jioni.

Ikabidi mtu atafsiri Kiingereza chake. Mposaji hasemi, Ami Saleh hajui, Mzee Nasor Kiingereza chake ni cha kuhesabia. Nikabaki mimi, na birika la kahawa mkononi.

Mzee Kröger akatandaza ramani juu ya zulia. Vidoti vyekundu vilijaa juu, kaskazini, kwenye nchi tambarare karibu na bahari na mito, kama mtu aliyepata surua upande mmoja. Akaeleza kwa mapenzi. Akina Kröger ni watu wa huko. Ukienda mashariki wanageuka Krüger. Ukishuka kusini vidoti vinakwisha, maana kazi ile ile huko wana jina jingine. Wengine wamevuka bahari, wako Amerika.

Nikatafsiri yote hayo vizuri. Mzee Nasor akatikisa kichwa. Watu wanaojua wametoka wapi anawapenda.

"Mwulize basi, hiyo kazi yenyewe ni kazi gani?"

Nikamwuliza. Uso wa mzee ukang'ara. Akasema, na mikono ikisaidia, kwamba Kröger ni mwenye kilabu cha kijiji. Kwamba mababu zake walikuwa na kilabu chao kando ya njia, na pombe yao ilisifiwa vijiji vyote vya jirani, na hapakuwa na mtu aliyepita pale akaondoka amesimama wima.

Nikaliweka birika chini.

Mbele yangu Mzee Nasor, mtu wa safu ya mbele msikitini. Nyuma ya pazia Mama. Na mimi nimebeba ulimi wa posa ya mdogo wangu.

"Anasema," nikasema, "mababu zake walikuwa wakiwapokea wasafiri njiani."

"Maa sha Allah. Wakiwapa nini?"

"Wakiwapa... vinywaji."

"Vinywaji gani?"

Ami Saleh aliniangalia. Mzee Kröger alinitolea tabasamu la kunitia moyo. Nikatafuta kinywaji, chochote, kichwani mwangu hamna hata maji.

Hapo ndipo Khalfan alipokohoa.

"Baba, niwie radhi kusema. Kazini kwetu tuna Wajerumani. Asili ya neno hilo iko kwenye mtungi. *Krug* kwao ni mtungi."

"Mtungi!" akasema Mzee Nasor. "Watu wa mitungi ya njiani? Basi sema walikuwa watu wa sabili, bwana! Wakiwawekea maji wapita njia."

Khalfan hakusema ndiyo, hakusema siyo. Aliinamisha macho akalitazama zulia kana kwamba analinunua. Mzee Kröger, aliyesikia *Krug* na kuona nyuso zimefunguka, akajipigapiga kifua kwa furaha. "Sabili! Sabili!" akaitikia, bila kujua anaitikia nini.

Nilimtazama yule kijana kwa jicho jipya. Kiingereza chote kile alikuwa amekisikia, neno kwa neno, mpaka watu walioshindwa kusimama wima. Na hakusema hata uongo mmoja.

Ingeishia hapo ingekuwa salama. Lakini Ami Saleh, mtu huyu, akaona mlango umefunguka akaingia mzima mzima. Akaanza kuhadithia jinsi Mdachi wa sabili alivyompenda baba yake, jinsi alivyompa jina, na sasa alikuwa akiongeza bunduki na farasi ambao mimi sijawahi kuwasikia. Mzee Nasor uso ukaanza kujikunja upya. Sabili ni sabili, lakini je, babu wa bibi harusi aliitwa jina la kikafiri kwa ridhaa yake?

Pazia likafunguka. Mama, mtandio mpaka kwenye nyusi, na sauti ya mtu aliyelea watoto saba.

"Mdachi gani, Saleh? Koroga ni koroga! Mimi nimeolewa nyumba ile, nimempikia mzee yule mpaka anakufa. Alikuwa akikoroga halua. Harusi zote za Tabora za watu wetu, sufuria ni lake na mwiko ni wake. Ndiyo wakamwita Koroga. Jina la Kiswahili safi, tena la kazi ya halali."

Ami Saleh alitazama finjani yake. Maskini, miaka yote ile.

Mzee Nasor akauliza, kwa heshima ambayo hakuwa nayo alipoingia, kama halua ya Tabora ilitiwa sukari guru au sukari nyeupe. Mama akamjibu. Yeye akasema Unguja hawakufanya hivyo. Mama akasema Unguja walikosea. Wakashikana hapo, na nikaona mabega ya Mzee Nasor yanashuka. Mtu anayegombana na wewe kuhusu halua ameshakuwa mkwe.

Aliyebaki nje ya maneno ni Mzee Kröger. Alinishika mkono wa gauni, pole pole, akaniuliza mama anasema nini.

Hiyo ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote za jana. Nikamwambia kwamba jina letu ni neno la Kiswahili. Kwamba maana yake ni kukoroga. Kwamba limefanana na lake, basi.

"Kwa hiyo sisi si ndugu," akasema.

Akaanza kukunja ramani, akiifuata mikunjo yake ya zamani kwa kidole. Alikuwa ameniandikia zamani kwamba hana mtoto, na kwamba mkewe alikuwa akimcheka kwa vidoti vyake. Sikuwa nimelitilia maanani. Jana, nikimwona amevaa kikoi cha baba yangu, mikunjo imemkalia vibaya, ndipo nililitilia.

Mama haelewi Kiingereza, lakini uso wa mtu anausoma. "Kimempata nini? Mwambie asiondoke bila kula. Na mwulize vidoti vyetu mbona haviandiki."

Nikamwuliza. Alinitazama, kisha akaikunjua tena ramani, upande wa nyuma ulio mweupe, akachora dunia kwa mkono. Akatoa kalamu ya kijani. Mama akaanza kumtajia, Ami Saleh akichangia, roho ikamrudi taratibu. Ibra, sisi. Maskati, watoto wa shangazi. Tabora, waliokataa kuondoka. Bujumbura mmoja, Dubai nyumba mbili, na binamu mmoja Uingereza ambaye hapigi simu. Mzee Nasor naye akavutika, akajongea, akasema kama ni hivyo na wao watiwe, akina Nasor, wa Nizwa na wa Unguja. Mzee wa Kijerumani akawatia kwa rangi ya buluu. Walipoondoka, tarehe ya mkataba wa ndoa ilikuwa imeshapangwa, Asya akiridhia, na hakuna aliyekumbuka nani aliitaja kwanza.

Mzee Kröger aliondoka na kikoi. Hakuna aliyethubutu kumwambia akivue.

Usiku, tukiosha vyombo, nikamwambia Mama nilivyopindisha maneno kuhusu mitungi. Nilitaraji anikaripie. Aliendelea kusugua sinia.

"Na mimi," akasema. "Halua alikoroga, hilo kweli. Mara mbili tatu. Lakini jina walimpa kwa fitina. Hapakuwa na majirani wawili Tabora wanaosemezana akishapita yeye. Alikoroga mtaa mzima, baba mkwe wangu, Mungu amrehemu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikacheka mpaka nikalia. Mama naye. Kilabu kimegeuka sabili, fitina imegeuka halua, na kila mtu amesema kweli.

Asya aliingia akatukuta hivyo. Akaniuliza lile alilonituma. Nikamweleza kikohozi cha Khalfan, na mtungi, na jinsi alivyolitazama zulia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Basi waambie ndiyo," akasema, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe.

Nimeandika mpaka hapa simu imelia. Ami Saleh. Nilidhani ana huzuni bado, nikajiandaa kumbembeleza. Hana huzuni. Hakulala, anasema, amefikiri usiku kucha, na kuna jambo ambalo Mama hawezi kulijua kwa kuwa yeye ameolewa tu. Anasema huenda jina letu ni la Kireno. Anataka nilitafute.

Nimemwambia intaneti imekatika.

Haijakatika. Naizima mwenyewe sasa hivi, na naenda kulala.