Nimeinuka na Sindano Mikumi

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku joto kali, malori hayakomi barabarani, na mdogo wako leo nimegeuzwa nungunungu. Nimechomwa sindano za Kichina, zile za kutibu sonona.

Nilitaka nikishazianza niachane na vidonge vyangu vya sonona, maana siku hizi nalala na nakula. Tabibu, mama mmoja mcheshi, akanikatalia: "Kaka, sindano zinakwenda pamoja na dawa, si badala yake. Ukitaka kuacha, kamuulize daktari wako."

Basi nikiwa nimelala, sindano usoni na miguuni, akaingia mzee wa kitanda cha pili. Si unajua ulivyonilea? Nikajiinua nimwamkie! Tabibu akapiga kelele, "Lala, wewe!" Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Lakini ungengoja kwanza ung'olewe miiba." Nikacheka hadi machozi, dada, mimi uliyedhani nimesahau kucheka.

Sasa sielewi kabisa. Kilichonirudishia kicheko ni vidonge, ni sindano, au ni yule mzee? Nikamuuliza tabibu. Akasema, "Hata mimi sijui. Na wewe kama hujui ni kipi, utaacha kipi?"

Jioni nimenunua chapati na chai ya tangawizi kituo cha malori, nikameza kidonge changu, na kichwa bado kimevurugika.

Wasalimie wote hapo Kilosa. Mungu akutunze, na upunguze kunihofia.

Mdogo wako mkorofi,
Hamisi