Onyo Moja, Vitabu Vitatu

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Eldoret, kwenye baridi inayonifanya nilikumbuke jiko lako. Mguu unaendelea aje? Na yule ndama, ameanza kula nyasi? Mimi niko salama, na kwa Auntie wote ni wazima.

Uliniuliza kwa simu kazi yangu ni gani hasa, nikasema tu, "Naandika." Unajua kwa simu mimi hukauka. Wacha nieleze hapa. Karakana yetu hutengeneza mashine tatu za wakulima, ya kukata nyasi, ya kusaga na ya kupukuchua mahindi, na kila mashine huuzwa na kitabu cha maelekezo, Kiswahili na Kiingereza. Maneno yanayofanana, kama onyo la kuzima mashine, haturudii kuyaandika. Yako mahali pamoja kwenye kompyuta, na vitabu vyote vitatu huyavuta kutoka hapo. Ukibadilisha pale, vyote vinabadilika.

Kabla ya kuchapisha, huwa tunamsomea mteja. Juzi alikuja mama mmoja wa Chepsaita, mwenye mashine ya kukata nyasi ya petroli. Nikamsomea: "Chomoa waya kwenye soketi kabla ya kuisafisha." Alicheka mpaka akashika meza.

"Msichana wangu, hiyo soketi nitaipata wapi? Kwa pembe ya ng'ombe?"

Madam Chebet, mkubwa wetu, naye akacheka, akafuta, akaandika haraka: "Zima injini." Kisha akampigia mchapaji. "Njoo uchukue, tumemaliza."

Mama, hapo ndipo nilipoona kosa. Alikuwa ameandika pale mahali pamoja. Nikafungua kitabu cha mashine ya kusaga, ya stima: kuchomoa waya hakumo tena. Cha kupukuchua mahindi, hivyo hivyo. Stima ikipotea, mtu ataingiza mkono kutoa mahindi yaliyokwama, na irudi mkono ukiwa bado ndani.

Nilinyamaza. Nakwambia ukweli, nilinyamaza mpaka mchapaji akaingia mlangoni. Ndipo akilini nikaona vidole vya kaka yangu Otieno kwenye ile mashine ya nyumbani.

"Madam, usimpe!"

"Nini tena?"

"Vyote vimebadilika. Hata vya stima."

Aliangalia kompyuta, akashusha pumzi. "Wewe wiki nzima husemi, halafu ukisema ni king'ora! Haya, rekebisha basi." Mchapaji akaambiwa arudi kesho.

Nikaligawanya onyo: la stima kando, la petroli kando, kila kitabu kivute lake. Linalowafaa wote likabaki pale pamoja: "Ngoja mashine isimame kabisa. Usiingize mkono." Na nimeamua, neno likiguswa pale, nitafungua vitabu vyote kwanza, hata wakiniita mjuaji.

Nisalimie Baba, na nyanya anayeniombea. Kaka yangu Otieno mwambie aache kusafisha ile mashine yenu ikiwa bado inazunguka. Mimi nimeandika mara moja tu, Mama. Wewe mwambie kila asubuhi.

Ni mimi binti yako, mkimya wako,
Akinyi