Kutoka Roshani Mate Hayafiki

Embakasi, Nairobi
6 Septemba 1965

Mama Patroba,

Kabla hujasomewa mstari wa pili, nakuomba umtoe nje kila mtu isipokuwa huyo anayekusomea, naye aape. Neno moja la barua hii likitoka, mimi sina kazi.

Hujambo mama? Wa nyumbani hawajambo? Mguu umepona? Mimi ni mzima wa mwili. Ni Ilukor, karani wa geti hapa uwanja wa ndege, yule uliyemwambia, "Wewe mtoto wa Busia, nasikia kwa salamu yako." Anwani nimeiona kwenye fomu ya safari ya mwanao Patroba.

Kosa lilianza na majivuno yangu. Nilikuonyesha jengo kana kwamba nililijenga mimi: kwamba lilifunguliwa mwaka 1958; kwamba kabla yake ndege kubwa zilitua Eastleigh; kwamba njia ya ndege ilitengenezwa na mikono ya wafungwa wa siku za Hali ya Hatari. Nikakuonyesha mizani, mkahawa, kipaza sauti, na roshani ambako jamaa husimama kupunga mikono. Ulipanda, ukatazama chini, ukashuka na mguu wako mbovu.

Ukasema, "Kutoka huko juu mate yangu hayafiki."

Patroba alikuwa ameshaitwa kwenye ndege, na ulikuwa bado hujamtemea baraka kifuani. Ukanisalimia, ukapita kama unavyovuka mpaka wa Busia siku ya soko, nami nikafungua geti. Nani wa kwetu humzuia mama mwenye baraka mdomoni? Ulitembea hadi kwenye ngazi za ndege, na rubani akangoja.

Sasa mkuu wetu anataka kujua nani alifungua. Tuko makarani watatu wenye ufunguo. Nimenyamaza, na wenzangu wawili wanatazamwa vibaya kwa ajili yangu. Nina miezi minne tu kazini, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kupata kazi ya mezani. Mtu akikuuliza, sema hukumbuki uso.

Mwanao,
Ilukor


Mulanda, Uganda
28 Septemba 1965

Mtoto yangu Ilukor,

Salamu sana. Hapa tuko wazima, mguu tu nauma asubuhi. Wewe unakula? Ulikuwa mwembamba. Athieno, binti yangu, ndiye naandika. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu.

Barua yako ilikaa kwa kanisa wiki mbili. Imechelewa, mtoto yangu. Kwetu mtu akikufungulia njia, hukai na asante ndani ya nyumba mpaka inaoza. Siku kumi sasa, niliandikia mkubwa yako. Nilisema: asante kwa kijana mwembamba wa geti, mtoto wa Busia, alinipitisha kwa heshima, umemlea vizuri. Nikatuma na mkebe wa simsim ya kusaga. Nilijua atafurahi. Nani hafurahi mtoto wake akisifiwa?

Sasa naona nimekuchomea nyumba na moto wa kupikia. Nisamehe.

Patroba ameandika, amefika kwa masomo yake. Anasema ndege ilitikisika sana, watu wakashika viti, yeye akashika kifua yake na hakuogopa. Hiyo ni kazi yako wewe. Kama wamekufukuza, kuja hapa. Jembe liko, chakula iko.

Mama yako wa Mulanda


Mulanda
21 Novemba 1965

Mtoto yangu,

Uko mzima? Kila Jumapili nauliza barua kwa kanisa. Leo katekista ameniona kwa mbali akatikisa kichwa kabla sijafika. Andika hata neno moja, hata kama ni la kunigombeza.

Mama yako


Embakasi, Nairobi
8 Januari 1966

Mama yangu,

Heri ya mwaka mpya. Mguu je? Mimi ni mzima, na nakula.

Nisamehe kwa kimya changu. Mkuu aliniita. Barua yako ilikuwa mezani, na mkebe kando yake, wazi, kijiko ndani. Akauliza, "Mwembamba ni wewe?" Nikakubali, nikamweleza habari ya mate. Hakunikemea. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo, akaniambia nikangoje nyumbani. Nilingoja wiki nane kwa binamu yangu. Niliona aibu kuandika.

Katikati ya Desemba aliniita tena. Wanafunzi walikuwa wanaondoka kwa wingi, na akina mama watatu walikuwa wameshika geti, karani mpya anawasomea sheria, nao wanamjibu kwa baraka. Mkuu akasema, "Ufunguo hutaushika tena. Lakini kaa na hawa mama zako." Sasa nina meza ukumbini na benchi kabla ya geti. Msafiri hapiti mpaka wazee wake wamemaliza. Wenzangu wananiita Karani wa Mate. Wale wawili niliowaacha watazamwe vibaya ndio hucheka zaidi, na mimi nacheka nao.

Nilikuomba unifiche, mama. Ulinisifu kwa mkubwa wangu, na leo natembea bila kugeuka nyuma. Asante. Simsim iliisha, mkuu ameuliza.

Patroba atakaporudi, panda treni Tororo, ushuke Nairobi, uulize basi la Embakasi. Ingia mlango wa vioo, pita mizani. Meza yangu iko kushoto, chini ya saa. Usipande roshani. Kama sipo mezani, niko ng'ambo ya geti namsindikiza mtu. Usivuke. Simama getini uniite kwa sauti yako ya soko. Safari hii nitavuka mimi.

Mwanao,
Ilukor